Borobudur haina mlango wala chumba: waumini waliingia wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa pili. Kaka yangu anafanya kazi Jakarta na amenialika likizo hii, tutakwenda kuiona Borobudur, lile hekalu la kale la Kibudha kisiwani Java, Indonesia. Nimetazama picha mpaka nimechoka: sioni mlango, sioni chumba, sioni paa. Hili ni hekalu la namna gani, na waumini waliingia wapi? Mbona sanamu za Budha zina sura moja lakini mikono tofauti? Tena nimesikia kwamba chini kabisa kuna michongo iliyofunikwa makusudi, na kwamba kwenye ukuta mmoja pamechongwa chombo kilichofika Afrika. Lipi la kweli, lipi hadithi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Macho yako hayajakudanganya. Borobudur haina chumba cha ibada, kwa sababu ndani yake kumejaa udongo. Wajenzi walikichukua kilima kilichokuwapo, wakakichonga na kukijaza kifusi pale palipopungua, kisha wakakivika mawe kutoka chini hadi kileleni. Unachokiona kwenye picha ni ngazi na vijia vilivyolazwa juu ya mgongo wa kilima hicho. Muumini hakuingia mahali. Alipanda huku akizunguka. Ukilishika hilo, maswali yako mengine hayatakusumbua sana.

Kama ratiba yenu inaruhusu, piteni kwanza Mendut, kama kilomita 3 mashariki ya hapo. Mendut ni hekalu la zama zilezile na lina kila ulichokitafuta kwenye picha: ngazi, mlango, na chumba kimoja chenye giza. Ndani yake kuna Budha wa jiwe mwenye kimo cha mita 3 hivi, ameketi kama mtu aliye kwenye kiti, miguu ameishusha chini, na ubavuni kwake wameketi Avalokitesvara na Vajrapani, watakatifu wawili wa Kibudha. Katikati ya Mendut na Borobudur kuna hekalu dogo liitwalo Pawon, na yote matatu yamepangwa karibu katika mstari mmoja ulionyooka. Hadi leo, siku ya Waisak, ambayo ni sikukuu ya taifa Indonesia ingawa Waislamu ndio wengi nchini humo, Wabudha huandamana kwa miguu kutoka Mendut, wakapita Pawon, wakamalizia Borobudur. Kwa hiyo wajenzi wa bonde lile walijua vizuri kabisa kujenga chumba. Borobudur waliinyima chumba kwa kutaka.

Hekalu la Borobudur liko katika bonde la Kedu, Java ya Kati, kama kilomita 40 kaskazini-magharibi ya Yogyakarta, na volkano ya Merapi inaonekana kutoka pale juu. Lilijengwa wakati wa ukoo wa kifalme wa Sailendra, takribani kati ya mwaka 780 na 830. Hakuna jiwe lililoandikwa tarehe ya kuanza wala jina la mjenzi. Makadirio hayo yametokana na umbo la herufi zilizochorwa kwenye michongo ya chini, zikilinganishwa na maandishi mengine ya Java yenye tarehe. Wenyeji wanamtaja msanifu aitwaye Gunadharma, na watakuonyesha vilima vya Menoreh upande wa kusini wakisema ndiye huyo amelala chali, pua ile na kidevu kile. Ni masimulizi, lakini ukiviangalia vilima hivyo jioni huwezi kuwalaumu.

Sasa umbo lenyewe. Kitako ni mraba wenye pande za mita 120 hivi. Juu yake yamepangwa majukwaa ya mraba, kila moja dogo kuliko la chini yake, kisha majukwaa matatu ya duara, kisha stupa moja kubwa katikati, yaani kuba la jiwe lisilo na mlango. Urefu wa sasa ni kama mita 35. Kwenye sehemu ya mraba kuna vijia vinne vinavyozunguka jengo, kimoja juu ya kingine, visivyo na paa. Kila kijia kina ukuta pande zote mbili: upande wa ndani ukuta wa jengo, upande wa nje ukuta wa ukingo ambao ni mrefu kumpita mtu mzima. Hapo ndipo wewe kama msanifu usimame utafakari. Jengo liko juu ya kilima, katika moja ya mandhari nzuri za Java, na msanifu amekuzibia mandhari yote! Huoni bonde, huoni volkano. Tena kuta hazikunyooka. Zinapinda kila baada ya hatua kadhaa, zikaingia ndani na kutoka tena, hivyo huwezi kuona mbele zaidi ya kona inayofuata. Kilichobaki kukitazama ni anga na michongo.

Michongo hiyo ni mingi kupita kiasi: vipande 2,672, ambapo 1,460 vinasimulia visa na 1,212 ni vya pambo. Safari inaanzia lango la mashariki, na unatembea ukiliweka jengo mkono wako wa kulia, jinsi Wabudha wanavyozunguka kila kitu kitakatifu. Kijia cha kwanza kina safu nne za visa, mbili kwenye ukuta wa ndani na mbili kwenye ukuta wa ukingo, na kila kimoja cha vile vitatu vya juu kina safu mbili. Anayetaka kusoma zote kwa mpangilio azunguke mara nne kijia cha kwanza na mara mbili kila kinachofuata, jumla mizunguko 10. Ni mwendo wa kilomita kadhaa, na jua la Java si la mchezo.

Safu ya kuanza nayo ni ile ya juu kwenye ukuta wa ndani wa kijia cha kwanza, vipande 120 vya maisha ya Budha kama yalivyosimuliwa katika maandiko ya Lalitavistara. Anaonekana bado yuko mbinguni kabla ya kuzaliwa, mama yake Maya anaota ndoto ya tembo, anazaliwa, anaishi kasri, anakutana na mzee na mgonjwa na maiti, anaikimbia nyumba, anakata nywele zake kwa upanga. Kisha safu inaishia kwenye mahubiri yake ya kwanza, karibu na mji wa Varanasi. Kifo chake hakipo, kwani andiko lenyewe linakomea pale. Safu nyingine za kijia hicho ni visa vya maisha yake ya kabla, alipokuwa sungura, nyani, mfalme, kasa, na visa vya watu waliotenda wema wakalipwa.

Kuanzia kijia cha pili mambo yanabadilika, na wageni wengi ndipo wanapochoka wakakimbilia juu kupiga picha. Vipande 460 vinamhusu kijana mmoja, Sudhana, mtoto wa tajiri, anayetafuta hekima kwa kutoka mwalimu mmoja hadi mwingine. Waalimu wake ni zaidi ya 50: watawa, mfalme, mfanyabiashara, watoto, na wanawake kadhaa, mmoja wao kahaba. Kwa jicho la haraka kila kipande ni kilekile: mwalimu ameketi, Sudhana amepiga magoti mbele yake, mikono ameikutanisha. Sitakuficha, hata mimi kuna sehemu huwa nazipita mbio. Ila nadhani kule kujirudia kumekusudiwa. Kule chini ulikuwa unafuata kisa ili ujue kilichotokea; huku juu hakuna kinachotokea tena, kuna kusikiliza tu. Ukiitazama michongo yenyewe kwa karibu utaona hata wachongaji wamepunguza fujo: umati, miti, farasi na majengo vinakwisha taratibu, zinabaki sanamu zilizotulia.

Halafu unapita lango la mwisho, na kuta zinakwisha kwa ghafla. Hakuna kijia, hakuna kisa hata kimoja kilichochongwa, na lile bonde ulilonyimwa muda wote linatokea lote kwa pamoja. Majukwaa matatu ya duara yana stupa 72 zenye matundu: 32 la chini, 24 la kati, 16 la juu. Matundu ya majukwaa mawili ya chini yamekatwa kishazari, ya la juu ni mraba uliokaa wima. Ndani ya kila stupa ameketi Budha mmoja, unamwona nusunusu. Katikati kuna stupa kubwa iliyozibwa kabisa, na hiyo haina cha kuonyesha. Wataalamu wengi huligawa jengo katika tabaka tatu za mafundisho ya Kibudha: ulimwengu wa tamaa, ulimwengu wa maumbo, na ulimwengu usio na umbo. Mgawanyo huo ni ufafanuzi wa watafiti wa karne ya 20. Haukuandikwa popote kwenye jengo. Lakini mtu aliyepanda kwa miguu yake haoni shida kuukubali.

Mikono sasa. Sanamu za Budha zilikuwa 504: hizo 72 za juu, na 432 zilizoketi katika vibweta vya ukutani, zikitazama nje pande nne za dunia. Sura ni moja kwa sababu si picha za watu mbalimbali kwa maana ya kawaida. Kinachozitofautisha ni ishara ya mkono, na ishara inafuata upande. Upande wa mashariki mkono wa kulia umeshuka, vidole vinagusa ardhi: ni Budha anaiita ardhi ishuhudie usiku ule aliposhindana na Mara mjaribu. Kusini kiganja kimefunguliwa juu, ishara ya kutoa. Magharibi mikono miwili imelazwa mapajani, anatafakari. Kaskazini kiganja kimeinuliwa kutazama mbele, usiogope. Kila mmoja wa hao ana jina lake katika Ubudha wa Mahayana, Akshobhya, Ratnasambhava, Amitabha na Amoghasiddhi. Kwenye safu ya tano, ya juu kabisa ya sehemu ya mraba, upande haujalishi tena: sanamu zote 64 zimeunganisha kidole gumba na cha shahada, ishara ya kufundisha. Na wale wa ndani ya stupa mikono yao iko kifuani, inalizungusha gurudumu la mafundisho. Kwa hiyo ukipotea kwenye vile vijia, na utapotea, tazama mikono iliyo juu yako utajua uko upande gani. Usishangae kuona nyingi hazina vichwa. Zaidi ya 300 zimeharibika na 43 hazipo kabisa. Baadhi ya vitu vya pale viliondoka kwa baraka za serikali: mwaka 1896 utawala wa Kiholanzi ulimruhusu Mfalme Chulalongkorn wa Siam, yaani Thailand ya leo, kuondoka na mikokoteni minane ya sanamu na michongo.

Habari ya michongo iliyofunikwa ni ya kweli. Mwaka 1885 Mholanzi J. W. IJzerman aligundua kwamba kile kitako kipana tunachokanyaga leo kimeongezwa, na nyuma yake kuna kitako cha asili chenye vipande 160 vya michongo. Vilifunuliwa kidogo kidogo, vikapigwa picha mwaka 1890 na 1891 na Kassian Cephas, mpiga picha Mjava, kisha mawe yakarudishwa. Michongo hiyo inahusu matendo na malipo yake. Kuna kimoja ambacho watu wanachemsha kasa na samaki chunguni. Pembeni yake wapishi haohao wamo kwenye chungu cha motoni, vichwa chini. Kuna wasengenyaji, walevi, wanaotoa mimba, na pia wanaotoa sadaka na kutunza wagonjwa.

Kwa nini vilifunikwa? Wengine hupenda kusema yalikuwa mambo ya aibu, yakafichwa ili macho yasinajisike. Mimi sikubali. Mtu hachongi vipande 160 kwa miaka halafu akashtuka kwamba vina dhambi ndani, na mengi ya yaliyomo ni ya heshima kabisa. Tazama ushahidi wa mafundi wenyewe. Vipande kadhaa havijamalizwa, na juu ya vingine yamebaki maneno mafupi ya Kisanskriti ambayo msimamizi aliwaandikia wachongaji kuwaeleza cha kuchonga. Moja ni "wirupa", yaani sura mbaya, juu ya watu ambao mchongaji alitakiwa kuwapa nyuso za kutisha. Maandishi ya namna hiyo hufutwa kazi ikikamilika. Hayakufutwa, ina maana kitako kilifunikwa kazi ikiwa bado inaendelea, tena kwa haraka. Mzigo wa mawe ulikuwa unaulemea udongo, udongo ukaanza kusukuma nje, nao wakaongeza mkanda mzito wa mawe kuushikilia. Wapo wanaoona pia sababu ya kiibada au ya uwiano wa umbo, na huenda zote zilikuwapo, ila ningekuwa mimi ndiye mwashi mkuu ningeanza na ile ya kuporomoka. Pembe ya kusini-mashariki mawe machache yameachwa wazi tangu enzi ya Wajapani kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Mwombe mwongozaji akupeleke hapo kabla hamjapanda.

Udongo huohuo ndio ugonjwa wa jengo hadi leo. Mawe ni andesaiti, jiwe la volkano, na yamepangwa makavu bila chokaa wala saruji, yameshikana kwa ndimi na vishimo. Mvua inapita kwenye viungo, inaloa kilima, kilima kinavimba na kusukuma kuta. Wajenzi walilijua hilo, ndiyo maana walitengeneza milizamu 100, kila mmoja umechongwa kichwa cha mnyama wa kubuni. Haikutosha. Mholanzi Theodoor van Erp alilikarabati kati ya 1907 na 1911, hasa sehemu ya juu. Kisha serikali ya Indonesia na UNESCO wakafanya kazi kubwa zaidi kuanzia 1975 hadi 1982: majukwaa ya mraba yalibomolewa, mawe zaidi ya milioni moja yakaondolewa, yakahesabiwa na kusafishwa, zege na mifereji vikawekwa chini, kila jiwe likarudi mahali pake. UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1991.

Nimekiacha chombo mwisho kwa sababu najua ndicho kilichokugusa. Kwenye kijia cha kwanza, safu ya chini ya ukuta wa ndani, upande wa kaskazini, kimechongwa chombo cha tanga kinachopanda mawimbi. Mlingoti wake una miguu zaidi ya mmoja, tanga ni la mraba lililoinamishwa, mabaharia wametapakaa kwenye kamba, na ubavuni kuna matengo mazito, yaani vielea vya kukizuia kisipinduke, yaliyofungwa kwa mirengu. Mtu wa pwani yetu hahitaji maelezo: ni jamaa wa ngalawa, ila mkubwa. Kisa chenyewe hakihusu Afrika. Kwa kawaida husomwa kuwa ni waziri Hiru, aliyetoroka na hazina yake pale mji wa Roruka ulipofukiwa na mchanga baada ya mfalme wake mwema, Rudrayana, kuuawa kwa amri ya mwanawe. Mchongaji wa Java alipewa kisa cha India, akachonga chombo alichokuwa akikiona bandarini kwao.

Maneno ya kwamba "kilifika Afrika" yametoka wapi? Kati ya Agosti 2003 na Februari 2004, chombo cha mbao cha mita 18 hivi kilichoundwa kwa kuufuata mchongo huo, kwa jina Samudraraksa, kilisafiri kutoka Jakarta kupitia Shelisheli na Madagaska, kikazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Accra, Ghana. Sasa kimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho palepale Borobudur. Usiondoke bila kukiona. Safari hiyo imeonyesha kwamba chombo cha aina ile kinaiweza Bahari ya Hindi. Kwamba kile cha ukutani kilikuja, haijathibitisha wala haiwezi kuthibitisha. Ila kwamba watu wa visiwa vile walivuka hadi upande wetu, hilo halina ubishi, na ushahidi wake hauko Java. Lugha ya Kimalagasi ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan cha kusini mwa Borneo, na wanahistoria wengi wanaamini matengo ya ngalawa tunayovulia kuanzia Lamu hadi Msumbiji yalitoka kwa mabaharia haohao.

Jambo la mwisho ni la safari yenyewe. Siku hizi idadi ya wanaopanda juu ina kikomo kwa siku, mnapanda na mwongozaji, na mnapewa ndara maalumu za kusuka ili viatu visiyale mawe. Kaka yako akate tiketi ya kupanda mapema, kwa sababu ipo na tiketi ya uwanjani tu, na ukiinunua hiyo utalizunguka jengo kwa nje na kurudi bila kuona hata kipande kimoja cha Sudhana. Na mwongozaji akikuambia Raffles, Mwingereza aliyekuwa akiitawala Java wakati huo, "aliligundua" mwaka 1814, mtabasamie tu. Raffles alimtuma mhandisi Cornelius, na watu 200 walikata miti na kufukua, hilo ni kweli. Lakini waliomwelekeza ni wenyeji, na mashairi ya historia ya Kijava yanamtaja mwasi aliyejificha kwenye kilima hicho mwanzoni mwa karne ya 18, na mwana wa mfalme wa Yogyakarta aliyepanda miongo kadhaa baadaye kwenda kumwona "shujaa aliyefungiwa tunduni". Ukifika juu na kuchungulia kwenye stupa utajua walimsema nani.